Banda la Soko la Chipping Campden
Hotuba iliyotolewa na mjumbe mmoja wa Halmashauri katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Nimetakiwa na Halmashauri niseme machache juu ya safari yangu ya Uingereza. Wengi wenu mwatazamia habari za London. London niliiona kwa siku mbili, tena katika mvua, nami sina la kuwaambia ambalo hamjalisikia. Mji ninaotaka kuwaeleza ni mdogo kuliko kata nyingi za kwetu, na jina lake ni Chipping Campden. Neno hilo la kwanza ni la Kiingereza cha kale, na maana yake ni soko.

Binti yangu ni muuguzi mjini Oxford, nami nilikwenda kumtazama. Siku yake ya mapumziko tulipanda gari la moshi hadi Moreton-in-Marsh, kisha tukangoja basi. Campden penyewe palikuwa na stesheni, lakini ilifungwa mwaka 1966, ingawa reli ingali inapita pale pale. Mkulima yeyote aliyewahi kuona lori likipita kijijini kwake bila kusimama atanielewa.

Mji una barabara moja kuu iliyopinda, na nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya chokaa yenye rangi ya asali. Nilimwuliza binti yangu utajiri wa kujenga hivi ulitoka wapi. Akanijibu, “Kwa kondoo, Baba.” Naam, tangu karne ya 13 sufu ya vilima vile viitwavyo Cotswold ilitafutwa sana na wafumaji wa Flanders na Italia, na ushuru wake ukajaza hazina ya wafalme. Hata leo Spika wa Baraza la Malodi hukalia kiti chekundu kilichojazwa sufu.

Ndani ya kanisa la Mtakatifu Yakobo kuna bamba la shaba juu ya kaburi la William Grevel, aliyefariki mwaka 1401. Maandishi yake ya Kilatini yanamsifu kuwa ndiye ua la wafanyabiashara wa sufu wa Uingereza nzima, na nyumba yake ingalipo barabarani. Nilizunguka kanisa lile nikitafuta jina la mchungaji mmoja tu miongoni mwa waliolala nje na kondoo hao. Sikuliona. Huenda sikutafuta vizuri, lakini binti yangu aliniambia kwamba mchungaji hakuwa na fedha ya kununulia shaba.

Tulipotoka mvua ilianza, tukakimbilia katika Banda la Soko. Jengo hili lilijengwa mwaka 1627 na Sir Baptist Hicks, tajiri aliyeuza hariri London na kumkopesha fedha Mfalme James wa Kwanza. Halina milango. Ni matao ya mawe pande zote, paa juu, na sakafu ya mawe yaliyolika hata hayalingani, ukitembea bila kuangalia utajikwaa. Lilijengwa ili wauza siagi, jibini na kuku wasinyeshewe. Hicks alijijengea pia jumba la fahari karibu na kanisa, nalo likachomwa moto mwaka 1645 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, tena na askari wa upande wa mfalme walipokuwa wakiondoka, ili adui asilitumie. Jumba likaungua, banda la wauza siagi likabaki.

Lakini nalo lilikaribia kuondoka. Katika miaka ya 1940 Mmarekani mmoja alitaka kulinunua alihamishie kwao. Wenyeji wakachangishana fedha, wakamtangulia kulinunua, kisha wakalikabidhi kwa National Trust, shirika linalotunza majengo ya kale, ambalo ndilo linalolitunza hadi leo.

Msidhani nawaletea hadithi ya kupenda vya kale tu, maana mji ule ule una habari nyingine. Mwaka 1902 mtu mmoja aitwaye C. R. Ashbee alihamishia pale mafundi kutoka mashariki ya London, pamoja na wake na watoto wao, yapata watu 150. Walikuwa na chama chao, Guild of Handicraft, ambamo mafundi walikuwa na sauti katika uendeshaji. Walifua fedha na kuchonga samani katika kiwanda cha zamani cha hariri. Kazi yao ilikuwa bora kabisa. Wakashindwa! Bidhaa za mashine zilizowaiga ziliuzwa kwa bei ndogo, wanunuzi walikuwa mbali, na kazi ilipopungua fundi hakuwa na mahali pengine pa kujipatia riziki, kama ambavyo angalipata London. Mwaka 1908 chama kikafungwa. Baadhi yao hawakuondoka, na wafua fedha wa ukoo wa Hart wangali wakifanya kazi humo kiwandani.

Bwana Mwenyekiti ananitazama, anadhani naingia katika hoja ya mkutano mkuu. Naingia. Ghala letu la kwanza, lililojengwa kwa makato ya kila kilo ya kahawa tuliyoleta katika msimu wa kwanza, limepata mnunuzi, na bei anayotaja si ndogo. Wanaosema tuuze si wajinga. Wanasema fedha hiyo itanunua mashine ya kukoboa, na ghala zuri lisilo na soko halimlishi mtu. Mafundi wa Campden wanawaunga mkono.

Mimi nitapiga kura tusiuze. Mahali ambapo mkulima hupima mazao yake bila kumwomba mtu ruhusa hapapatikani tena pakishapotea. Lakini paa lile linavuja, na magunia ya msimu uliopita yalilowa humo, sote tuliyaona. Kwa hiyo anayenyanyua mkono pamoja nami ajue kwamba siku hiyo hiyo nitapitisha daftari la michango ya mabati, na jina langu litakuwa la kwanza.