Msumeno wa Watu Wawili

Juma hili tunataka kusema hasa na wale ambao kanisa limewakabidhi vijana: viongozi wa vijana, walimu wa kambi, na wazee wa kanisa wanaowatazama vijana wale Jumapili alasiri na kujiuliza, tuwape kazi gani hawa? Tutawapeleka mbali kidogo, mpaka milima ya Marekani.

Huko kuna milima na misitu ambayo serikali imeamua ibaki jinsi ilivyo. Sheria iliyotiwa sahihi na Rais Lyndon Johnson mwaka 1964 yasema kwamba katika sehemu hizo pasiwe na barabara ya gari, wala isitumike mashine ya injini, isipokuwa kwa nadra, kama vile maisha ya mtu yakiwa hatarini. Watu huingia kwa miguu, au juu ya mnyama. Lakini miguu inahitaji njia, na njia ya mlimani haidumu bila kutengenezwa. Theluji huangusha miti juu yake, mawe hubingirika, mvua huichimba mpaka ikawa mfereji. Nani ataitengeneza, tena bila tingatinga na bila msumeno wa injini?

Mahali pengi wanaoitengeneza ni vijana. Jambo hili lilianza zamani. Mwaka 1933, wakati wa shida kuu ya kazi na fedha, Rais Franklin Roosevelt aliunda kikosi cha kazi cha vijana. Kilipofungwa mwaka 1942, vijana wa kiume wapatao milioni 3 walikuwa wamepita humo. Mshahara ulikuwa dola 30 kwa mwezi, na kati ya hizo dola 25 zilipelekwa kwa wazazi nyumbani. (Tunajua akina mama wanaosikiliza wamelipenda jambo hilo.) Mwaka 1957 wanafunzi wa kujitolea walianza kufanya kazi katika mbuga za taifa za Olympic na Grand Teton, kwa wazo la mwanamke kijana, Elizabeth Cushman, ambaye alikuwa ameliandika chuoni miaka miwili kabla. Kisha jimbo la California likaunda kikosi chake mwaka 1976, na tangu 1979 hupeleka vikundi vidogo vya vijana wa kiume na wa kike ndani kabisa ya milima, katika Yosemite na kwingineko, kwa muda wa miezi mitano hivi. Hulala katika mahema. Chakula chao huletwa na nyumbu, na tunasema nyumbu wa mizigo, mwana wa punda na farasi, si wale wanaovuka mto Mara.

Nasi hapa Kenya twajua habari ya vijana kambini na sururu. Huduma ya Vijana kwa Taifa ilianzishwa mwaka 1964, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Geoffrey Griffin, yule yule wa Starehe.

Sasa mtazameni kiongozi wa kikundi kimoja cha milimani. Ana vijana kumi, au kumi na wanne. Wengine wao hawajawahi kulala nje ya nyumba. Hospitali yaweza kuwa mwendo wa siku nzima au zaidi. Yeye mwenyewe huenda amewazidi miaka michache tu. Na kila asubuhi anawapa vijana hao chuma chenye makali.

Kwa hiyo huanza na jambo dogo: jinsi ya kubeba. Sisi tumezoea kuweka jembe begani. Huko ni marufuku. Chombo hubebwa mkononi, chini kando ya mwili, na ukiwa unapita kwenye ubavu wa mlima, hubebwa kwa mkono ulio upande wa bonde, ili ukiteleza ukitupe mbali nawe usikiangukie. Anayechimba ana nafasi yake kumzunguka, na hapana mtu kuingia pale mpaka aseme kwa sauti, naye mchimbaji asimame amtazame. Kiongozi aliyeisema sheria hii siku ya kwanza tu hajaisema. Huisema siku ya kwanza, na siku ya arobaini pia, hasa siku ya arobaini, maana hapo ndipo vijana wanapojiona wamekuwa mafundi.

Chombo kimoja wanachokipenda kina shoka upande mmoja na jembe upande wa pili. Huitwa Pulaski, kwa jina la Ed Pulaski, msimamizi wa misitu katika jimbo la Idaho. Tarehe 20 Agosti 1910 moto mkubwa ulimzingira karibu na mji wa Wallace, pamoja na watu wapatao 45 aliokuwa akiwaongoza kuuzima. Aliwapitisha katika moshi mpaka kwenye shimo la mgodi ulioachwa, akawaingiza humo. Hofu ilipowashika, wengine wakataka kukimbilia nje. Akasimama mlangoni na bastola, akasema atakayetoka atampiga risasi. Akatundika mablanketi yaliyoloa mlangoni, mpaka yeye mwenyewe akaanguka kwa moshi. Watu watano walikufa mle ndani. Waliobaki walitoka wakiwa hai, na Pulaski alitoka na macho na mapafu yaliyoharibika.

Hatusemi kiongozi wa vijana abebe bastola! Tunataka mwone kwamba mtu huyu alikuwa ameizunguka milima ile miaka mingi, akalijua shimo lile kabla ya moto. Saa ya moto haikuwa saa ya kulitafuta.

Hatari za siku zote ni za kimya zaidi. Mto utokao kwenye theluji hujaa kadiri jua linavyopanda, kwa kuwa theluji inayeyuka. Mto uliovukika saa moja asubuhi waweza kumchukua mtu saa kumi alasiri. Kiongozi hukirudisha kikundi, na vijana wakalalamika, na hakuna atakayemshukuru, kwa sababu hakuna lililotokea. Wingu jeusi likikusanyika juu ya kilele, huwashusha haraka, na vyuma huwekwa mbali nao. Na miguu! Kijana huficha lengelenge kwa aibu, mpaka linakuwa kidonda, na kidonda mahali pale si jambo la kucheka. Ndiyo sababu wengi wa viongozi hawa hujifunza kwanza huduma ya kwanza ya mahali palipo mbali na daktari, mafunzo ya saa 70 hivi au zaidi.

Baada ya hayo yote, mtu angedhani kiongozi mwema ni yule anayewafanyia kazi ili wasiumie. Hapo ndipo tunapouleta msumeno wetu.

Mti ulioanguka njiani hukatwa kwa msumeno mrefu wenye mshikio kila ncha, mtu huku na mtu huku. Wazee wa upande wa Mlima Kenya wanawakumbuka wapasuaji mbao, mmoja juu ya gogo na mwenzake shimoni, basi wanaufahamu. Kanuni yake ni moja: kila mtu avute, asisukume. Unavuta, halafu unaulegeza mkono ili mwenzako avute. Ukisukuma, chuma kinapinda na kukwama ndani ya gogo. Mwenye nguvu akiwa na haraka akataka kumsaidia mwenzake kwa kusukuma, ndiye anayeiharibu kazi. Inampasa afuate mwendo wa yule mwingine.

Na kabla ya kukata, kiongozi anayejua kazi yake haamuru, huuliza. Gogo hili likikatika litaelekea wapi? Wewe utasimama wapi? Utakimbilia wapi? Kijana anakaa kimya, anatazama mteremko, anajibu vibaya, anaulizwa tena. Muda unapita. Kiongozi angeweza kulikata mwenyewe na mwenzake mzoefu, wakaendelea. Angeweza pia kumnyang'anya sururu yule kijana wa mjini anayehangaika na jiwe moja tangu asubuhi, akaling'oa kwa mtaimbo kwa dakika kumi. Jiwe lingetoka, naye kijana angejifunza kwamba hahitajiwi. Wakati wa kumwondolea chombo mkononi upo, nao ni pale makali yanapomwelekea yeye au mwenzake. Hapo hakuna maswali. Lakini uvivu wa jiwe kutoka si hatari.

Tukitazama makanisa mengi, kijana hupewa kupanga viti na kupiga ngoma. Ujenzi, hesabu ya fedha, na kumkesha mgonjwa ni za wazee. Halafu kijana akiwa na miaka 30, tunashangaa hajui kubeba mzigo. Aliwahi kupewa lini ncha ya pili ya msumeno?

Mnayo habari ya Nehemia. Alifika Yerusalemu, akatoka usiku na watu wachache kuutazama ukuta uliobomoka, kabla hajamwambia mtu nia yake. Kisha ukuta ukagawanywa vipande, na wengi wakajenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Sura ya tatu ya kitabu chake yataja majina mengi ambayo tukisoma tunayaruka, nasi twawaomba msiyaruke juma hili. Mtamkuta Shalumu, aliyejenga pamoja na binti zake. Kikosi cha Roosevelt hakikuwapokea wasichana; ukuta wa Yerusalemu uliwapokea. Wale ambao bado husema sururu si ya msichana wamsome Shalumu. Mtawakuta pia wakuu wa Tekoa, ambao hawakutaka kuinamisha shingo kufanya kazi, ingawa watu wao walifanya. Ni ajabu mtu kukumbukwa vizazi vyote kwa kutoshika jiwe.

Katika kikundi cha milimani, kiongozi wa namna ya Tekoa hujulikana siku ya pili. Vijana humsamehe mtu asiyejua wimbo, na mpishi mbaya humvumilia, lakini anayesimama mikono mfukoni hawamfuati tena mahali pa hatari, na mahali pa hatari ndipo anapowahitaji wamfuate.

Adui mkubwa wa njia ni maji. Mkulima wa Machakos aliyechimba fanya juu katika shamba lake analijua hilo bila kufundishwa. Maji yakivuka njia hayana neno; yakitembea ndani ya njia, huondoka nayo. Basi vijana hulifanya tuta la njia liiname kidogo kuelekea bonde, na penye mteremko hulaza mawe kwa kukingama ili maji yageuzwe nje. Siku ya jua, kazi yote huonekana nzuri. Mvua ikinyesha, kiongozi huvaa koti, akawaita watoke mahemani, wakalalamika, wakatoka. Wanasimama wamelowa, wanayatazama maji yakifika kwenye lile jiwe walilolilaza wao. Yanageuka, au hayageuki. Yasipogeuka, huenda wakachukua vyombo.

Likizo inakuja, na vikundi vingi vya vijana vitakwenda kambini, wengine kupanda miti, wengine kujengea wajane. Ninyi mtakaowaongoza, kabla gari halijaondoka, hesabuni majembe na mapanga, ulizeni nani anajua huduma ya kwanza, na zahanati ya karibu iko wapi, na mto wa hapo hujaa saa ngapi. Mungu awe nanyi mpaka juma lijalo.