Sauti ya Mchumi na Masikio Yetu



Ndugu viongozi wa walei wa Kibaha na Kisarawe,

Tukitembelea jumuiya, vijana hutuonyesha kwenye simu zao Mmarekani mmoja akieleza habari za vita vilivyopamba moto Ukraine mwaka 2022. “Baba, huyu anajua,” hutuambia. Tukiuliza anajuaje, hujibu: “Ni profesa, yuko kila mahali.” Ndiye Jeffrey Sachs, mchumi wa Chuo Kikuu cha Columbia, na yatupasa kumfahamu.

Jina lake lilivuma kwanza Bolivia mwaka 1985, aliposhauri namna ya kudhibiti mfumuko wa bei, kisha Poland mwaka 1989. Jarida la Time lilimweka kati ya watu 100 wenye ushawishi mkubwa duniani mwaka 2004, na tena 2005. Mwaka huo wa 2005 alitoa kitabu juu ya kukomesha umaskini, dibaji ikiandikwa na mwanamuziki Bono; televisheni ya MTV nayo ikamwonyesha pamoja na mwigizaji Angelina Jolie kijijini Sauri, magharibi mwa Kenya. Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko alimteua katika Akademia ya Kipapa ya Sayansi Jamii.

Tusiwe wachoyo wa kutaja jema. Sisi wa bonde la Ruvu twaijua malaria. Mwaka 2004 Tanzania ilianza kuwapa mama wajawazito Hati Punguzo, wanunue chandarua kwa bei nafuu. Wako wataalamu waliodai kwamba kitu cha bure hakithaminiwi. Sachs alipaza sauti kwamba maskini apewe chandarua bila kutoa hata senti, na wakubwa walimsikiliza. Umaarufu ukitumika hivyo, nani atanung'unika?

Lakini tazameni na hili. Mradi wake wa Vijiji vya Milenia ulifika Mbola, Tabora, mwaka 2006. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la Lancet lilichapa taarifa ya wahusika wa mradi kwamba katika vijiji vyake vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa kasi mara tatu ya ile ya vijijini katika nchi husika. Watafiti wengine wakaonyesha kwamba hesabu ilikosewa, na kauli hiyo ikafutwa. Wangapi walioisikia ya kwanza waliisikia na ya pili? Kusahihisha hesabu hakuiti kamera.

Kisarawe twalijua jambo hili kwa uchungu. Profesa huyo hakuhusika, ila mazoea ya kuamini sauti ya mbali ni yale yale. Mibono kaburi ilisifiwa duniani kote kuwa itatoa dizeli na kuondoa umaskini. Kampuni ya kigeni ikaja, na vijiji 11 vikaachia zaidi ya hekta 8,000. Mwaka 2011 shughuli zilisimama, vibarua wakarudi nyumbani, na watu wakabaki wakidai fidia na visima walivyoahidiwa. Mzee aliyelima udongo ule miaka 60, katika mkutano wa kijiji alipewa dakika ngapi za kusema?

Twaomba basi kila jumuiya iandike ahadi zilizotolewa kijijini kwake juu ya ardhi: nani aliahidi, lini, mbele ya nani. Ziletwe katika kikao kijacho cha Tume, hata kama karatasi ni ya daftari la mtoto.