Eksirei za Nyota na Sayari Zinazokalika: Mada kwa Walimu wa Fizikia wa Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Walimu wenzangu wa Nyeri, Karatina na Nanyuki, wanafunzi wetu hufunzwa kwamba sayari inakalika ikiwa umbali wake na nyota ni wa kadiri: maji yasigande, wala yasichemke yakaisha. Nasema kipimo hicho hakitoshi. Ni lazima pia tuulize nyota hiyo imeimwagia sayari yake eksirei kiasi gani tangu ujana wake.

Elimu hii ina mizizi kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Kazi hiyo haifanyiki ardhini, kwa kuwa angahewa hunasa eksirei hizo. Hata chombo kikipandishwa hadi Batian, mita 5,199, hakitaona kitu. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, akatunukiwa Nobel mwaka 2002. Nyota za kawaida zilisubiri setilaiti ya Einstein ya 1978, ndipo ikadhihirika kwamba nyota za karibu kila aina hutoa eksirei.

Chanzo ni sumaku. Gesi inayopanda na kushuka ndani ya nyota inayojizungusha huzalisha uga wa sumaku, na uga huo huipasha gesi ya nje kabisa hadi mamilioni ya nyuzi. Kadiri nyota inavyojizungusha kwa kasi, ndivyo eksirei zinavyozidi. Jua limeshatulia: eksirei ni takriban sehemu moja tu katika milioni ya nishati yake. Nyota kibete nyekundu zikiwa changa hufikia moja katika elfu, na huchelewa sana kutulia.

Hebu tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne anaimudu. Proxima Centauri, jirani yetu wa miaka 4.2 ya nuru, ina sayari iliyotangazwa mwaka 2016. Umbali kati yao ni kama moja ya ishirini ya umbali wa Dunia na Jua. Kwa kanuni ya kinyume cha mraba, 20 mara 20 ni 400. Nishati yote ya Proxima ni kama 1/600 ya ile ya Jua, kwa hiyo sayari hupokea 400/600, yaani theluthi mbili ya tunayopokea sisi. Mpaka hapo ni habari njema. Lakini eksirei za Proxima zinakaribiana na za Jua zima, kwa hiyo hizo huifikia sayari mara mia kadhaa zaidi kuliko zinavyotufikia, achilia mbali milipuko ya ghafla. Eksirei, zikishirikiana na urujuanimno mkali, hupasha tabaka za juu za hewa na kuvunja mvuke wa maji; haidrojeni hutoroka, na bahari inaweza kukauka bila kuchemka.

Kuna mfano wenye majina ya kwetu. Mwaka 2023 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliidhinisha majina ya Kimaasai yaliyopendekezwa na Wakenya: kibete chekundu GJ 1214 kikawa Orkaria, na sayari yake Enaiposha. Enaiposha ina tungamo mara 8 hivi ya Dunia na huzunguka kwa saa 38 tu. Darubini ya James Webb imeikuta na joto la nyuzi 280 hivi za Selsiasi upande wa mchana. Haikaliki, lakini bado ina hewa nzito yenye utusitusi, yawezekana kwa sababu tungamo lake ni kubwa. Sayari ndogo za mawe hazina kinga hiyo: kwenye mojawapo, TRAPPIST-1 b, Webb haikuona dalili ya hewa nzito.

Mwishoni mwa Julai, saa tatu usiku, Orkaria hupita karibu utosini mwetu. Haionekani kwa macho, na Julai ya Nyeri ni ya mawingu na baridi, lakini upande wa Nanyuki ni mkavu zaidi. Shule yenye darubini ya kipenyo cha kutosha na kamera ijaribu kuipiga picha, na darasa zima lifanye hesabu ile ile kwa Enaiposha.