Wingu Lisilonyesha: Anga la Kiangazi na Mikorosho ya Nachingwea na Ruangwa

Mada kwa maafisa ugani na viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika



Mkulima wa huku akiinua macho juu huwa na swali moja tu: itanyesha au haitanyesha? Kuanzia Desemba hadi Aprili swali hilo linatosha. Juni hadi Septemba halitoshi hata kidogo, kwa sababu wingu linalotutia hasara miezi hiyo ni lile lisilodondosha tone.

Nianze na umbo la nchi. Hatuna mlima wa kutamba nao kama Kilimanjaro, wala hata Uluguru. Tulicho nacho ni nyanda zilizoinuka: Rondo, iliyo kati yetu na pwani ya Lindi, na Makonde, ng'ambo ya bonde la mto Lukuledi. Rondo inakaribia mita 900 juu ya usawa wa bahari, na kimo hicho kinatosha kulichezea anga. Kusi inatoka baharini na unyevu wake. Ikigonga mteremko haina budi kupanda, na hewa inayopanda hupoa, takriban nyuzi 1 ya Selsiasi kwa kila mita 100 kabla mvuke haujaanza kugeuka kuwa vitone. Vitone vikishapatikana, wingu limezaliwa. Ndiyo maana asubuhi ya Julai mtu anaweza kuikuta Rondo imejifunika gubigubi huku bondeni kuna jua.

Majina ya mawingu tunayofundisha shuleni yalipendekezwa mwaka 1802 na mfamasia wa Uingereza, Luke Howard. Sirasi ni yale membamba ya juu sana, ya barafu tupu. Kwa kazi yetu ya leo nayaacha. Kumulasi ni mafungu meupe yenye kitako bapa. Stratasi ni lile la kijivu lililotanda chini, lisilo na mwanzo wala mwisho, na hilo ndilo lililonileta hapa.

Usiku wa kiangazi ardhi hupoteza joto upesi. Hewa iliyoigusa inakuwa baridi kuliko ile iliyo juu yake, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito, inatulia palepale. Stratasi hutokea katika utulivu huo. Haina nguvu ya kupanda, kwa hiyo haikui wala hainyeshi. Inakaa mpaka saa tatu au saa nne asubuhi, jua likipata nguvu inayeyuka, na mwenye shamba anasema kumetanda tu, hakuna kitu.

Kitu kipo. Miezi hiyohiyo mkorosho unachipua na kutoa maua, na kuvu wa ubwiriunga anapenda mambo matatu kwa pamoja: ubaridi wa asubuhi, unyevu hewani na uchache wa jua. Tofauti na kuvu wengine wengi, mbegu zake hazihitaji maji juu ya jani ili ziote. Kwa hiyo anayesubiri mvua ndipo aanze kuhofia magonjwa amechelewa. Asubuhi kadhaa mfululizo za kutanda ni amri ya kwenda shambani kukagua machipukizi machanga, kabla unga mweupe haujaweza kuonekana na mtu aliyesimama barabarani.

Hewa hiyohiyo iliyotulia inatusaidia kwa upande mwingine. Salfa ya unga hupulizwa alfajiri kwa sababu wakati huo vumbi lake linabaki ndani ya mti. Wengine huamua kwa saa ya mkononi; mimi ningetazama juu. Vibonge vya kwanza vya kumulasi vikianza kuchomoza, ujue hewa imeanza kupanda kutoka ardhini, na salfa utakayopuliza itapanda nayo. Zima mashine. Unga unaopeperuka kwenda kwa jirani umelipiwa.

Kumulasi ya Julai haitishi, maana juu yake kuna tabaka la hewa yenye joto na ukavu linaloizuia kukua. Mwishoni mwa Oktoba na Novemba kizuizi hicho kinalegea, kaskazi inakaribia, na vibonge vya mchana vinageuka minara. Mnara wa kumulonimbasi katika nchi za joto unaweza kupita kilomita 15, na radi zake si za kujikinga chini ya mwembe. Wakati huo korosho ziko chini ya miti. Ukiona minara saa sita mchana, okota leo, maana korosho iliyolala kwenye maji inashuka daraja hata ikianikwa siku nyingi.

Kuna atakayesema takwimu za mvua zipo. Zipo, lakini wilaya ya Nachingwea inajua kwamba peke yake hazitoshi kupanga kilimo. Mwaka 1946 ujumbe wa Uingereza ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa tu kutafuta ardhi ya kulima karanga, na mwaka uliofuata mpango huo wa karanga ukaanza. Nachingwea ilikuwa moja ya maeneo yake matatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikautelekeza. Kongwa ndiko kulikoumia zaidi, kwa ukame na udongo mgumu, na sababu nyingine zilikuwa nyingi. Ila wastani wa mvua wa mwaka haumwambii mtu lini apande, sembuse lini apulize.

Napendekeza kila chama cha msingi kiwe na daftari moja, kuanzia Juni Mosi, lenye safu nne: tarehe, wingu la saa moja asubuhi, saa lilipoondoka, na hali ya machipukizi kwenye miti michache iliyotiwa alama. Maafisa ugani wayakusanye kila wiki mbili, muda uleule wa mzunguko wa kupuliza salfa, na nakala ziletwe kwenye kikao kitakachopokea utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya mvua.