Mwendo wa Aliye Nyuma

Neno letu asubuhi hii limo katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa 33, mstari wa 13 na wa 14. Mkiwa na Biblia karibu, wekeni alama hapo, nasi tutarudi.

Mwezi wa Mei mwaka 2023 sisi wawili, mchungaji na mkewe, tulifunga safari ya miguu kutoka Busia kwenda Namugongo, nchini Uganda. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 200. Kila mwaka, tarehe 3 Juni, Wakristo kwa maelfu hukusanyika huko kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, Waanglikana 23 na Wakatoliki 22, waliouawa kwa ajili ya imani katika siku za Kabaka Mwanga. Wengi wao walichomwa moto pale Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Na njia hiyo ina kumbukumbu nyingine kwetu. Askofu James Hannington alitoka Rabai mwezi wa Julai 1885, akapita Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, akauawa Busoga tarehe 29 Oktoba pamoja na wengi wa wapagazi wake.

Mizigo yetu ilikuwa michache: shanta mbili, blanketi, Biblia, kitabu cha sala, na mafuta ya kupaka miguuni. Tuliondoka alfajiri kabla jua halijawa kali, na jioni tukalala katika majumba ya makanisa, tulikokaribishwa kwa ndizi za kupikwa, maharagwe na chai. Barabara ni ile ya malori yatokayo Mombasa. Ukisikia honi huna budi kuruka majanini.

Siku tatu za kwanza tulihesabu kilomita. Mmoja wetu alitangulia, mwingine akafuata. Aliyetangulia, tukiri mbele yenu, ni huyu anayesema nanyi. Kila baada ya saa moja alisimama juu ya mwinuko, akageuka, akapunga mkono. Na mwenzake alipomkaribia, akashika njia tena. Mnafahamu maana yake? Mmoja alikuwa amekwisha kupumzika, na mwingine hakupumzika kamwe.

Siku ya nne, tulipokwisha kupita Bugiri na kuelekea Iganga, huyo mtangulizi aligeuka asimwone mtu. Alingoja. Malori yakapita. Hofu ikamshika, akarudi nyuma mbio, karibu kilomita mbili. Akamkuta mkewe ameketi chini ya mwembe, amevua viatu, malengelenge yamepasuka, na kikongwe mmoja wa mahali pale akimmiminia maji miguuni. Akaanza kuomba radhi. Mama akamjibu kwa upole: "Baba watoto, si leo tu. Tangu siku ile ya kaburi umekuwa mbele yangu, nami nauona mgongo wako."

Wapendwa, hapo hatukuwa na jibu. Mwaka 2017 tulimzika kitinda mimba wetu, msichana wa miaka saba. Jumapili iliyofuata mchungaji alikuwa madhabahuni, na watu wakasema, "Huyu ana imani." Akaenda kuwafariji wafiwa wengine, akahudhuria mikutano, akajenga ukumbi wa kanisa. Lakini nyumbani jina la mtoto halikutajwa. Nguo zake zilikuwa katika sanduku chini ya kitanda, na mama alilifungua sanduku hilo peke yake, siku ambazo mumewe alikuwa safarini. Miaka sita tulilala kitanda kimoja juu ya huzuni moja, na kila mtu akaibeba peke yake.

Chini ya mwembe ule tulilia. Yule kikongwe hakujua Kiswahili, wala sisi hatukujua lugha yake. Alitutazama, akasema neno moja tulilolifahamu baadaye: "Mpola, mpola." Maana yake ni polepole.

Sasa fungueni pale mlipoweka alama. Esau amekutana na ndugu yake Yakobo baada ya miaka mingi. Anamwambia waondoke, naye atatangulia. Yakobo anakataa kwa adabu. Anasema watoto ni wachanga, na katika mifugo wamo wanaonyonyesha. Wakikazwa mwendo hata kwa siku moja tu, kundi lote litakufa. Basi yeye atakwenda polepole, kwa kadiri ya nguvu za watoto.

Ni jibu zuri. Lakini tazameni mlango uliotangulia, wa 32, mstari wa 31. Yakobo mwenyewe alikuwa akichechemea! Alikuwa ameshindana usiku kucha, na uvungu wa paja lake ulikuwa umeteguka. Mbele ya ndugu yake akataja udhaifu wa watoto, wala hakuutaja mguu wake. Nasi ndivyo tulivyo, hasa sisi wanaume. Twasema mke ni dhaifu, watoto ni dhaifu, kumbe twachechemea kuliko wote. Yule aliyekuwa mbele barabarani hakuwa mwenye nguvu. Alikuwa akimkimbia mtoto wake aliyelala kaburini.

Tangu siku hiyo tuliweka sheria: mwenye mwendo mdogo atangulie, na mwingine afuate. Tulipita mashamba ya miwa ya Kakira, tukavuka mto Nile pale Jinja, mvua ikatunyeshea katika msitu wa Mabira. Na njia nzima tulizungumza habari za mtoto wetu: jinsi alivyoogopa bata, jinsi alivyokuwa akijibu "Amina" kabla sala haijaisha. Tulipofika Mukono tulicheka kwa ajili yake, kwa mara ya kwanza. Tulichelewa siku nzima kuliko tulivyopanga. Tuliingia Namugongo jioni ya tarehe 2 Juni, miguu imefungwa vitambaa.

Asubuhi yake tuliketi majanini kati ya umati, tukawakumbuka vijana wale walioletwa kutoka Munyonyo wakiwa wamefungwa, wengine wadogo sana. Hawakupewa nafasi ya kuchagua mwendo wao, lakini walikwenda pamoja. Hatukuona maono. Huzuni yetu haikuisha, nayo ipo hata leo. Ila sasa tunaibeba wawili, na sanduku lile hufunguliwa na watu wawili.

Ndugu msikilizaji, ni nani aliye nyuma yako nyumbani? Huenda ni mke, huenda ni mume, mama mkwe, au kijana aliyeacha kusema nawe. Usimpungie mkono kutoka kilimani. Rudi mpaka alipoketi. Jioni ya leo, mkiisha kula, mwulize jambo moja ambalo hujamwuliza kwa muda mrefu, kisha nyamaza umsikilize. Bwana wetu mwenyewe, siku aliyofufuka, aliwakaribia watu wawili wenye huzuni katika njia ya Emau, akaandamana nao, akawauliza wanazungumza nini. Mwenye uwezo wote alikwenda kwa mwendo wao.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyetembea na wenye huzuni, utusamehe sisi tuliotangulia na kuwaacha wapendwa wetu nyuma. Uturudishe kwao. Uwafariji wote waliozika watoto. Utupe mwendo mmoja mpaka tufike kwako. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.