Mcheza Kwao Hutunzwa



Wazee wetu walisema, "Mcheza kwao hutunzwa." Neno hili kutunza lina maana mbili. Maana ya kwanza ni kumpa mchezaji zawadi mbele ya watu, kama ifanywavyo ngomani. Maana ya pili ni kukiangalia kitu kisiharibike. Nataka kuwaeleza habari za kisiwa kimoja kidogo, ili tuone ya kuwa maana hizi mbili hazifai kutenganishwa.

Kisiwa hicho ni Grenada, katika bahari ya Karibi, kaskazini ya Trinidad. Pamoja na visiwa vidogo vilivyo chini yake, eneo la nchi hiyo ni kilometa za mraba 344 tu, na watu wake ni laki moja na kidogo. Kisiwa cha Unguja peke yake chaizidi nchi hiyo yote zaidi ya mara nne. Tena kama Unguja na Pemba zijulikanavyo kwa karafuu, Grenada hujulikana kwa kungumanga, hata tunda lake limechorwa katika bendera ya nchi.

Katika mwaka 2004 mtu wa kisiwa hicho, jina lake Alleyne Francique, alishinda mbio za mita 400 katika mashindano ya dunia yafanywayo ndani ya jumba. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo alikwenda Athens katika Michezo ya Olimpiki, akaingia katika mbio za mwisho, akawa wa nne. Wajua kwamba wa nne hapewi nishani. Alirudi mikono mitupu, lakini watoto wa kwao walikuwa wamekwisha kuona ya kuwa mtu wa Grenada aweza kusimama mstari mmoja na wakimbiaji walio bora duniani.

Hazikupita siku nyingi, tarehe 7 Septemba 2004, tufani iliyoitwa Ivan ikakipiga kisiwa. Watu wapatao 40 walikufa, na katika kila nyumba kumi, tisa hivi ziliharibika. Mikungumanga iling'olewa, nayo ni miti ichukuayo miaka mingi kabla ya kuzaa. Uwanja mkubwa wa michezo, ulio karibu na mji mkuu wa St. George's, ulivunjika kabisa. Nani angalithubutu kusema habari za mbio wakati watu hawana paa juu ya vichwa vyao?

Katika mji mdogo wa wavuvi uitwao Gouyave alikuwako mtoto mmoja, Kirani James, ambaye siku chache kabla ya tufani alikuwa ametimiza miaka 12. Mtoto huyo alikua, akaendelea kukimbia, kisha akaenda kusoma katika chuo kikuu cha Alabama, Marekani. Mwaka 2011, akiwa na miaka 18 tu, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 400. Tarehe 6 Agosti 2012, mjini London, alikimbia kwa sekunde 43.94, akaipatia nchi yake nishani ya kwanza ya Olimpiki, nayo ya dhahabu. Kabla yake hakuna mtu asiye Mmarekani aliyewahi kuikimbia mita 400 chini ya sekunde 44.

Siku moja kabla ya ushindi huo alifanya jambo lililosifiwa sana. Alipomaliza wa kwanza katika mbio za nusu ya mwisho, alimwendea mkimbiaji wa Afrika Kusini aliyekuwa wa mwisho, mtu asiye na miguu aliyekimbia kwa miguu ya bandia, wakabadilishana vitambaa vyenye majina yao.

Watu wa Grenada walimtunza kijana wao. Serikali ilitoa nusu siku ya mapumziko ili watu washangilie, na uwanja ule uliovunjwa na tufani, ulipojengwa upya kwa msaada wa China, uliitwa kwa jina lake.

Labda mtu atasema, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Ni kweli, sifa imeharibu wengi. Lakini James hakulitia maji. Mwaka 2016, mjini Rio de Janeiro, alikuwa wa pili. Baadaye akaugua maradhi ya tezi ya shingo yaliyomdhoofisha, akatibiwa, akarudi uwanjani. Na mwaka 2021, mjini Tokyo, akawa wa tatu. Dhahabu, fedha na shaba: hakuna mwanamume aliyemtangulia kupata nishani tatu za Olimpiki katika mbio hizo.

Wala hakubaki peke yake. Anderson Peters alikuwa bingwa wa dunia wa kutupa mkuki mwaka 2019, na tena mwaka 2022. Katika Olimpiki ya Paris, mwaka 2024, alipata nishani ya shaba. Na katika michezo hiyo hiyo Lindon Victor alipata shaba nyingine katika mashindano ya michezo kumi, ambayo mtu mmoja hukimbia, huruka na kutupa kwa muda wa siku mbili.

Basi, wasikilizaji, tujifunze nini? Kelele za ushindi huisha jioni ile ile, lakini uwanja hubaki. Jina la bingwa likiandikwa langoni, na ndani yake watoto wakawa wanakimbia, hiyo ndiyo heshima iliyo kamili. Lakini lango likipakwa rangi na ndani majani yakaota, tumemtunza mtu kwa maana moja tu.

Kadhalika tusiwasahau walio mfano wa Francique, waliofika karibu wakarudi bila nishani. Katika kila kijiji wako watu wa namna hiyo: mkimbiaji wa zamani, mwalimu apimaye uwanja kwa kamba, mzee afyekaye majani kabla ya mashindano ya shule. Enyi wanafunzi, waulizeni habari zao, mkaziandike katika daftari za shule wangali hai. Nanyi wazee, uangalieni uwanja wa kijiji usigeuzwe jaa. Mtoto atakayewatangaza ulimwenguni pengine sasa anakimbia humo, miguu mitupu.