MSUSI NAYE AFUNZWE KUONGOZA
Maneno yaliyosemwa mbele ya akina mama na vijana wa Ujiji



Tumesimama mbele yenu kusema habari ya kazi ambayo wengi huidharau. Ni kazi ya kusuka nywele, kupaka hina na piko, kupamba maharusi, na kutengeneza sabuni na mafuta ya kujipaka. Watu wakisikia neno urembo hucheka, wakadhani ni mchezo wa wasichana waliokosa la kufanya. Lakini hapa Ujiji arusi haifanyiki bila mikono ya watu hawa, na Idi ikikaribia mlango wa msusi haupitiki. Penye wateja pana fedha, na penye fedha hapana budi pawe na viongozi. Basi twauliza: viongozi wa kazi hii ni nani?

Tazameni hali ilivyo. Msichana huingia katika saluni, akaanza kwa kufagia na kuosha vichwa vya wateja. Kisha hupewa kichana. Baada ya muda vidole vyake huwa vyepesi kuliko vya yule aliyemfundisha, na wateja humtaka yeye kwa jina. Lakini miaka mitano ikipita utamkuta pale pale. Kiti si chake. Hajui dawa ya nywele hununuliwa kwa bei gani. Daftari la hesabu hajapata kulifungua. Siku wafanyabiashara wakiitwa mkutanoni, yeye huachwa kulinda mlango. Na akiwa ni binti asiyesikia, au mwenye ulemavu wa miguu, hata hicho kichana hukipata kwa taabu, wala hapana anayewaza kwamba siku moja aweza kuwa mkuu wa mahali.

Ndugu zetu, hiyo si hasara ya msichana peke yake, ni hasara ya mji. Mkoa wetu wa Kigoma wajulikana Tanzania nzima kwa michikichi, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga, kinachoshughulikia mbegu bora za zao hilo, kiko mkoani humu humu. Katika mawese hutoka sabuni. Ng'ambo ya ziwa letu, mwaka 1911, Lever, tajiri wa sabuni wa Uingereza, alipewa na serikali ya Ubelgiji haki juu ya maeneo makubwa ya michikichi katika Kongo. Waliopanda juu ya miti kukata mikungu walikuwa Waafrika. Walioamua bei na kugawana faida walikuwa wengine. Jambo hilo lilikuwa kubwa na la saluni ni dogo, lakini sura yao ni moja: mikono iko huku, na uamuzi uko kule.

Tukiwauliza wenye saluni kwa nini hawampi msichana madaraka, jawabu la kwanza ni hili: "Bado hajawa tayari." Neno hilo si geni masikioni mwetu. Wakoloni waliwaambia wazee wetu maneno hayo hayo walipodai kujitawala. Tungengoja mpaka mkoloni aseme tumekuwa tayari, bendera yetu isingepanda mwezi Desemba mwaka 1961. Kuongoza hujifunzwa kwa kuongoza, kama kuogelea kunavyojifunzwa ndani ya maji, si kwa kusimama pwani ya Ziwa Tanganyika ukihesabu mawimbi.

Kumbukeni Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1955, alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU mjini Dar es Salaam, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, na yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma. Wengi wa wanawake wale hawakuwa na shule ya kutosha. Lakini ndani ya vikundi vyao walikwisha kujifunza kukusanya michango, kusuluhisha magomvi, na kuwapanga watu mamia wakafika mahali pamoja kwa saa moja. Wakubwa waliona ngoma tu. Kumbe ilikuwa shule ya uongozi. Na saluni nayo yaweza kuwa shule ya namna hiyo, mwenyewe akitaka.

Jawabu la pili husemwa kwa sauti ya chini: "Nikimfundisha yote, ataondoka na wateja wangu." Hofu hiyo hatuicheki, maana mwenye saluni ana watoto wa kulisha na kodi ya kulipa. Lakini sikilizeni habari ya Marekani. Bibi mmoja mweusi, Annie Turnbo, ambaye baadaye aliitwa Annie Malone, alitengeneza dawa za nywele akawafundisha wanawake wenzake kuziuza. Mmoja wao alikuwa Sarah Breedlove, mfua nguo aliyezaliwa mwaka 1867 na wazazi waliokuwa watumwa. Sarah alijifunza, akaondoka, akaanzisha biashara yake mwenyewe kwa jina la Madam C. J. Walker, akawa mshindani mkubwa wa aliyemtangulia.

Je, Bibi Malone alikufa njaa? La. Mwaka 1918 alifungua chuo kikubwa, Poro College, katika mji wa St. Louis. Naye Walker, mwaka 1917, alikwisha kuwakusanya wauzaji wake zaidi ya 200 katika mji wa Philadelphia, wanawake watupu, wakazungumza biashara na haki za watu weusi. Katika kampuni hiyo akakua Marjorie Joyner, aliyesimamia shule za Walker, na mwaka 1928 akapata hataza ya mashine ya kutengeneza nywele. Mmoja akamtoa mwingine, na soko likapanuka. Fundi anayeficha ujuzi hubaki na kiti kimoja mpaka uzeeni.

Sasa tufanye nini? Wazee wetu walimpa binti somo, mwanamke mzima wa kumfunza na kumsimamia, na aibu ya binti ilikuwa aibu ya somo wake. Twataka kila fundi mkubwa wa urembo awe somo wa kijana mmoja, ampe mambo manne.

La kwanza, daftari. Aandike yeye mapato na matumizi, na jioni wahesabu pamoja.

La pili, ununuzi. Aende yeye dukani, abishane bei, ajue faida hutoka wapi.

La tatu, kikao. Akasimame yeye mbele ya watu aseme haja ya wenzake. Asiyesikia naye aende na mtu wa kumfasiria.

La nne, ujasiri wa kukataa. Mkorogo wa kuchubua ngozi una faida ya haraka, na mteja huuomba mwenyewe. Lakini zebaki huharibu figo, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umelenga kuiondoa katika vipodozi. Kiongozi ni yule awezaye kumwambia mteja, "Hiki siuzi," fedha ikiwa mezani.

Njia zipo. VETA ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kupita chuoni. Tangu mwaka 2018 sheria imezitaka halmashauri kutenga sehemu 10 katika 100 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, na ilipopangwa upya mwaka 2024, Manispaa yetu ya Kigoma/Ujiji ilikuwa miongoni mwa halmashauri 10 zilizochaguliwa kuitoa kwa njia ya benki. Lakini benki haiulizi nani asuka vizuri. Yauliza mwenyekiti wenu nani, mtunza hazina nani, na hesabu zenu ziko wapi. Asiyepata kulishika daftari atajibu nini?

Basi, ndugu zetu wenye saluni, twawaomba neno moja. Mkirudi kazini kesho, mtazameni yule msichana anayefagia. Kichana mmekwisha kumpa. Sasa mpeni na daftari. Nanyi vijana mkipewa, msilitupe wala msiibe. Lishikeni vizuri, kisha nanyi mumpe mwingine.

Tumesema.